Mtoto Akisema Kazi Yake ni Kupiga Dramu

Ilikuwa Jumapili ya Novemba 2021. Tulikuwa tumetoka kanisani, tumekaa mezani kwa dada yangu hapa Reading, pilau bado inafuka moshi. Mwanawe, aliyekuwa na miaka 19, akasema bila kuinua uso kwamba ameacha masomo ya uhasibu chuo kikuu. Hakusema anafikiria kuacha. Alikuwa ameshaandika barua na chuo kilikuwa kimeshamjibu.

Dada akamuuliza sasa atafanya nini.

"Nitapiga dramu."

Dada akadhani mtoto hakulielewa swali. "Nakuuliza kazi, mwanangu."

"Ndiyo kazi yenyewe, mama."

Dada hakumfokea. Aliweka kijiko chini, akanigeukia mimi. "Umesikia? Na wewe ndiye uliyemnunulia."

Naandika haya kwa sababu najua nyumba nyingi zetu huku ughaibuni zina mtoto wa namna hii. Mwingine anapiga gitaa, mwingine anachora, mwingine anataka mpira. Wazazi wanawaza bili na heshima ya familia, mtoto anawaza mengine, na katikati yupo shangazi au mama mdogo anayelaumiwa na pande zote mbili. Mimi ni muuguzi, hata kusoma nota sijui. Lakini tangu siku ile nimemtazama kijana huyu akiijenga kazi yake hatua kwa hatua. Niliyojifunza yangetupunguzia machozi mengi kama tungeyajua siku ile ya pilau.

Kipande cha mpira

Dada alikuwa na haki ya kunilaumu. Nilifika Uingereza mwaka 2013 na diploma yangu ya uuguzi kutoka nyumbani. Nikaishi kwake huku nikisomea shahada na kufanya zamu za usiku katika nyumba ya kutunzia wazee. Mchana nililala. Mwaka uliofuata mtoto alikuwa na miaka 12, na kila alipotoka shule alipiga kila alichokutana nacho: meza, sufuria, ukingo wa kitanda, mapaja yake mwenyewe. Nilimsihi, nikamkaripia, nikashindwa. Nikaenda dukani nikamnunulia pedi ya mazoezi, kile kipande cha mpira wanachojifunzia wapiga dramu ili wasisumbue majirani, pamoja na vijiti viwili. Sikuwa na mpango wa kulea kipaji cha mtu. Nilitaka kulala.

Miezi michache baadaye mpiga dramu wa ibada yetu ya Kiswahili alihamia mji mwingine. Seti ikabaki, mpigaji hakuna. Akawekwa mwanetu. Alipiga kila Jumapili kwa miaka sita, na mazoezi Ijumaa jioni, bila malipo. Wakati ule niliona ni huduma tu. Sasa naona kwamba ndipo alipofundishwa kazi: kufika kabla ya wengine, kumsikiliza mwimbaji, kumfuata kiongozi anayebadilisha wimbo katikati bila taarifa, kupunguza mkono wakati wa maombi. Wapiga dramu wengi weusi wa hapa Uingereza wanaoishi kwa kazi hiyo leo walianzia kanisani vivyo hivyo.

Hofu ya dada

Dada amemlea mtoto huyu peke yake. Alfajiri alisafisha ofisi, mchana akahudumia wazee, jioni akakaa naye kufanya kazi za shule kwa Kiingereza alichokuwa bado anajifunza. Barua ya chuo kikuu ilipofika aliipiga picha akaituma Korogwe. Kwake ile barua ilikuwa stakabadhi ya miaka yote aliyoilipia.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo hakulisema mezani. Kwetu mpiga ngoma anahitajika kila harusi, lakini ukisikia ndiye anayemchumbia binti yako, unauliza mara mbili. Tunasahau kwamba hata nyumbani kupiga muziki kumewahi kuwa kazi ya mshahara. NUTA Jazz, bendi iliyoanzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na ambayo baada ya kubadili majina tunaijua kama Msondo Ngoma, iliwaajiri wanamuziki wake. DDC Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, ilikuja kuwa mali ya Shirika la Maendeleo Dar es Salaam. Mpiga dramu wa bendi hizo alikuwa mwajiriwa kama alivyo karani. Baba yetu alicheza dansi la bendi hizo ujana wake wote, lakini sikumbuki hata siku moja akisema angependa mtoto wake apande jukwaani.

Na mimi nikaongeza kosa langu. Mama yetu kule Korogwe alipiga simu kuuliza mjukuu anaendeleaje na masomo. Dada akashindwa kujibu, akanipa simu. Nikasema, "Anaendelea vizuri, mama." Mwezi uliofuata nikasema tena. Nililisema neno hilo kwa karibu mwaka mmoja na nusu.

Maswali matatu

Wodini mgonjwa akiletwa hatuanzi na dawa. Tunamchunguza, tunaandika mpango, tunaufuata, halafu tunapima kama umesaidia. Januari 2022 nikamwita kijana kwangu, nikamwekea chai, nikamwambia: "Leo sikulaumu. Nieleze kazi hii kama unavyomweleza mtu wa benki. Nani anakulipa? Anakulipa kwa lipi? Na mwezi ambao hakuna anayekulipa, utakula nini?"

Maswali mawili ya kwanza aliyajibu. La tatu hakuwa na jibu. Nikampa wiki mbili. Akarudi na karatasi.

Alinieleza kwamba ni wapiga dramu wachache sana wanaoishi kwa bendi moja yenye jina. Wengine wote wanaishi kwa vipande vipande: harusi na sherehe za makampuni mwishoni mwa wiki, kufundisha siku za kazi, kurekodi studio, kupiga kwenye maigizo ya muziki, kusafiri na mwimbaji anapofanya ziara, au kwenda na meli za watalii zinazochukua wanamuziki kwa mkataba wa miezi. "Kwa hiyo, mama mdogo, usiniulize kama nitakuwa maarufu," akasema. "Niulize nitakuwa na wateja wangapi."

Kisha akanieleza jambo lililonichekesha. Mpiga dramu akiugua, au akipata kazi mbili siku moja, hutafuta mwenzake wa kumshikia. Simu inalia saa nne asubuhi: leo usiku, Swindon, nyimbo 30, suti nyeusi, unaweza? Nikamwambia, "Hiyo si zamu ya benki!" Wauguzi wenzangu mnaijua. Hospitali inakuwa na orodha ya wauguzi wa akiba. Simu ikilia, aliye tayari anakwenda kwenye wodi asiyoijua, anafanya kazi na watu asiowajua, na akifanya vizuri anaitwa tena. Akichelewa mara mbili, hapigiwi tena, wala hakuna atakayemweleza sababu.

Hapo ndipo nilipoanza kuielewa kazi yake. Anayemshikia mwenzake hapati mazoezi na bendi. Anatumiwa orodha ya nyimbo, anazisikiliza kwenye treni, anaandika kila wimbo kwenye kikaratasi: mwendo wake, unaanzaje, unakatika wapi, unaishaje. Bibi harusi hatakiwi kugundua kwamba mtu huyu amekutana na bendi saa mbili zilizopita.

Kazi kama hiyo haifanyiki kwa kipaji peke yake. Mwanetu alifanya mazoezi saa mbili kila siku juu ya pedi ileile ya mpira, na metronomu pembeni inahesabu. Alianza taratibu kiasi cha kukuchosha kusikiliza, akaongeza mwendo kidogo kidogo. Studio mpigaji huwekewa mlio huo wa kuhesabu masikioni na hatakiwi kuupita wala kubaki nyuma. Alitafuta pia mwalimu wa kumfundisha kusoma nota, kwa sababu kwenye maigizo ya muziki unakuta kitabu mbele yako na kiongozi anakuonyesha kwa mkono. Asiyesoma, kazi hizo zinampita.

Nikamuuliza kama hajachelewa, maana nilishawaona kwenye televisheni watoto wa miaka saba wanaopiga kama watu wazima. Akanitajia Tony Allen, Mnigeria aliyezaliwa Lagos mwaka 1940. Huyo alianza kujifundisha akiwa na miaka 18, wakati akifanya kazi ya ufundi redioni, akisikiliza santuri za Wamarekani kama Max Roach na Art Blakey. Baadaye ndiye aliyekuwa mpiga dramu wa Fela Kuti, na mdundo wa Afrobeat unajulikana duniani kwa mikono yake. Alifariki Paris mwaka 2020 akiwa na miaka 79, na hadi uzeeni alikuwa bado anapiga. Mimi nilichokishika katika habari ile ni kwamba alianza akiwa na kazi nyingine inayomlisha.

Hilo ndilo lililokuwa jibu la swali la tatu. Kwenye karatasi yake aliandika: siku tatu kwa wiki ghala la mizigo, mpaka dramu ifikie kiasi fulani kwa mwezi, kwa miezi sita mfululizo. Kiasi chenyewe alikiandika kwa tarakimu. Nikaibandika karatasi ile kwenye friji yangu.

Pesa na makaratasi

Mwaka wa kwanza dramu ilimpa kama £9,000, nyingine zote zilitoka ghalani. Mwaka wa pili £15,000. Wa tatu £21,000, na ghala akaliacha. Bado ni chini ya mshahara wa muuguzi anayeanza NHS, na kwa miaka miwili ya kwanza alikuwa akila na kulala kwa mama yake. Naziandika hesabu hizi ili mzazi asidanganywe na picha za mitandaoni, na pia ili asiseme hakuna kitu.

Karibu nusu ya mapato hayo yanatokana na kufundisha. Hapa kuna mitihani ya dramu yenye madaraja 1 hadi 8, kama ile ya Trinity College London na RSL, na wazazi wa Kiingereza wanalipa watoto wao waipande. Ili afundishe shuleni ilimbidi apate cheti cha DBS, uchunguzi wa kumbukumbu za jinai ambao sisi wauguzi tunaujua vizuri. Wanafunzi ndio wanaomlipia chakula Januari na Februari, miezi ambayo harusi ni chache. Januari ya kwanza, kabla hajawa na wanafunzi wa kutosha, alipata kazi moja tu ya muziki mwezi mzima. Nilimwona akiuza toazi lake zuri ili atengeneze gari. Hakuniomba pesa, na mimi sikumpa. Mpaka leo sijui kama nilifanya sawa.

Mimi mshahara wangu unakatwa kodi kabla haujanifikia, kwa hiyo sikujua chochote kuhusu kujiajiri. Yeye ndiye aliyenifundisha. Anayejiajiri akiingiza zaidi ya £1,000 katika mwaka wa kodi, unaoisha tarehe 5 Aprili, anapaswa kujiandikisha HMRC na kupeleka hesabu zake. Mwisho wa kuzipeleka kwa intaneti ni tarehe 31 Januari. Kila malipo anayopata, robo anaiweka kwenye akaunti ya pembeni asiyoigusa. Risiti za vijiti, ngozi za dramu, treni na bima anazitunza. Ule mwaka mmoja wa uhasibu, ambao dada aliulilia kama umetupwa, unamsaidia hapo. Leo kuna wanamuziki wanne wanaomlipa awapangie vitabu vyao.

Alijiunga pia na Musicians' Union, chama cha wafanyakazi wa muziki kilichoanzishwa mwaka 1893. Kinawapa wanachama ushauri wa mikataba na bima ya dhima, ili dramu ikimwangukia mgeni wa harusi asifilisike. Siku moja mwenye sherehe alikataa kumlipa £180 kwa kuwa wageni waliondoka mapema. Kwa bahati makubaliano yalikuwa yameandikwa. Chama kikamsaidia kudai, akalipwa. Tangu hapo hapigi bila maandishi, hata kwa Mswahili mwenzake, na ndugu wengine wameona anajidai. Ndugu zangu, tusione vibaya. Daktari hatumwombi atupasue bure kwa sababu tunasali naye.

Jambo moja zaidi ambalo vijana wengi hawalijui. Wimbo ukichezwa redioni hapa, kuna malipo ya mtunzi, ambayo hukusanywa na PRS, na kuna malipo ya waliopiga kwenye rekodi ile, ambayo hukusanywa na PPL. Mpiga dramu ambaye hakutunga wimbo bado ana haki ya hayo ya pili, mradi amejiandikisha na jina lake limeandikwa kwenye kumbukumbu za kurekodi. Mwanetu hatoki studio kabla hajahakikisha ameandikwa.

Masikio

Mwanzoni mwa 2023 nilianza kuona kitu. Alikuwa akiongeza sauti ya televisheni. Bibi yake akimsalimu kwenye simu, anasema, "Eh?" Nikamuuliza kama muuguzi, si kama mama mdogo. Akakiri kwamba baada ya kazi ya Jumamosi masikio yake yalikuwa yakilia kama jongoo wa umeme, na wakati mwingine mlio ule ulifika hadi Jumanne.

Niliogopa kuliko siku ya pilau. Ndani ya sikio kuna chembe zenye vinyweleo vidogo mno zinazopokea sauti. Zikifa, haziote tena. Hakuna dawa na hakuna upasuaji wa kuzirudisha. Kipimo cha kawaida ni kwamba sikio linaweza kuvumilia desibeli 85 kwa saa 8, na kila zinapoongezeka desibeli 3 muda huo unapungua kwa nusu. Ukifika desibeli 100 umebakiwa na kama dakika 15. Dramu inayopigwa kwa nguvu kwenye chumba kidogo inavuka hapo kwa urahisi. Sheria ya Uingereza ya kelele kazini, ambayo sekta ya muziki iliingizwa mwaka 2008, inamtaka mwajiri atoe vizibo vya masikio kelele zikifikia desibeli 85. Lakini anayejiajiri mwajiri wake ni yeye mwenyewe.

Nikampeleka kupimwa. Sikio la kushoto, linaloelekea matoazi, lilikuwa limeanza kupungua kidogo kwenye sauti za juu. Mtaalamu akashauri vizibo vinavyotengenezwa kwa umbo la sikio la mtu, vyenye kichujio kinachopunguza sauti bila kuuharibu muziki. Vilikuwa £180, na mwezi ule hakuwa nazo.

Nilimweleza dada kwa simu, nikitarajia aseme, "Si niliwaambia?" Alinyamaza. Usiku nilipokuwa zamu simu yangu ikatetemeka. Dada alikuwa ameniwekea £180 benki, na kwenye nafasi ya maelezo ameandika neno moja: masikio.

Ndugu msomaji, kama una mpiga dramu nyumbani, anza na vizibo kabla hujaanza na matoazi mapya. Mwili wote unafanya kazi. Watafiti wa vyuo vikuu vya Chichester na Gloucestershire walimpima Clem Burke, mpiga dramu wa bendi ya Blondie, na matokeo waliyoyatoa mwaka 2008 yalionyesha mapigo ya moyo wake jukwaani yaliweza kufikia 190 kwa dakika. Mtu wa namna hiyo anahitaji kunywa maji, kula kabla ya kazi na kupasha viganja moto kabla ya kuanza. Kiti kikiwa chini mno mgongo unaumia, na kushika vijiti kwa kukaza sana huleta maumivu ya kiganja ambayo yasipotibiwa yanasimamisha kazi. Na kubeba seti ngazini ni kama kumnyanyua mgonjwa: piga goti, mzigo uwe karibu na kifua, usigeuke kiuno ukiwa umebeba.

Kwa mliokuja kusoma

Neno kwa wanafunzi, kwa sababu hapa nimeona mtu akikaribia kuumia. Kijana mmoja kutoka Mombasa, mpigaji mzuri, alikuwa hapa kwa viza ya mwanafunzi. Mwanetu alimwita amshikie harusi moja. Kabla hajaenda nikamwambia asome masharti ya viza yake. Mwanafunzi wa shahada kwa kawaida huruhusiwa kufanya kazi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, lakini haruhusiwi kujiajiri, wala kufanya kazi ya kutumbuiza watu. Kupiga harusini kwa malipo kunaingia humo, hata ukilipwa £50 mkononi. Kijana alighadhibika, akasema namwonea wivu mgeni. Wiki iliyofuata ofisi ya wanafunzi ya chuo chake ilimweleza maneno yaleyale, akaja kuniomba radhi. Sasa anafanya mazoezi na kusoma, na anatafuta njia halali baada ya kuhitimu. Mwanetu aliweza kwa sababu alizaliwa hapa na ni raia. Usimwige mwenzako kabla hujajua ana karatasi gani.

Simu ya Korogwe

Katikati ya mwaka 2023 nilichoka kudanganya. Nikampigia mama, nikamwambia yote: mjukuu aliacha chuo, anapiga dramu, nami nimekuwa nikimficha.

Alikaa kimya mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akauliza, "Anapiga kama yule Mzee Morris wa redioni?" Watu wa umri wake wanamkumbuka Morris Nyunyusa, mpiga ngoma asiyeona, ambaye ngoma zake zilitangulia taarifa ya habari ya Redio Tanzania.

"Ndiyo, mama, namna ile. Ila hizi ni za Kizungu."

"Anakula?"

"Anakula."

"Anamsaidia mama yake?"

"Ameanza kulipa umeme."

Akanyamaza tena. Nilidhani tumemaliza. Akasema, "Mwaka na nusu namwombea mitihani. Kila usiku namtaja, mitihani. Mngeniambia ningemwombea kitu chake."

Sikuwa na la kujibu. Katika habari hii yote, hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Dramu haikuivunja familia yetu, lakini uongo wangu ulimfanya mama yangu awe mgeni katika maisha ya mjukuu wake.

Wazazi wenzangu

Simwambii mtu amwachie mtoto wake chuo. Wengi wanaosema wanataka muziki wanataka makofi, na kazi yenyewe ikianza wanakimbia. Namna ya kuwajua si kupigana nao. Mwulize anayekulipa ni nani. Mwulize mwezi mkavu atakula nini. Tazama kama anafika kwa wakati mahali ambapo halipwi, kama anafanya mazoezi ambayo hakuna anayeyaona, kama anaandika mapato yake. Mpe muda wenye mwisho, na kazi nyingine pembeni. Baada ya hapo pima, kama tunavyopima wodini, na ukubali majibu hata yakiwa tofauti na uliyoyataka. Na bibi na babu nyumbani waambieni ukweli mapema.

Dada yangu hajageuka. Watu wakimuuliza kanisani mwanawe anafanya nini, anajibu, "Anafundisha," halafu anabadilisha mazungumzo. Hajawahi kwenda kumwona akipiga harusini. Anasema hakualikwa na maharusi, na hilo ni kweli.

Lakini Jumamosi iliyopita nilikuwa kwake kijana alipopita kuchukua chakula cha njiani, gari limejaa dramu, anakwenda Oxford. Dada alimfungia chapati na maharage, akamtengeneza kola ya shati. Kijana alipokuwa ameshafika getini, dada akafungua dirisha la jikoni akamwita kwa sauti iliyowafikia majirani:

"Umechukua vya masikio?"

Akainua mkono kumwonyesha kikopo chake kidogo. Dada akafunga dirisha, akaendelea kuosha vyombo.